Kakao Imepita Tu Hapa

Mjomba hakukila mara moja. Alikishika kile kipande cha kahawia kwa vidole viwili, akakinusa kwa muda mrefu, akakivunja karibu na sikio ili asikie kinavyovunjika, kisha akakiweka juu ya ulimi na kukaa nacho bila kutafuna. Sisi wengine tuliokuwa barazani tuliendelea na mazungumzo ya msiba wa jirani, tukijua kwamba mtu aliyelima kakao Kyela tangu ujana wake haharakishwi katika jambo la namna hii.

"Mpwa wangu," akasema hatimaye, "hapa kakao imepita tu. Haikukaa."

Nilikuwa nimeinunua pakiti hiyo Mwanjelwa, mjini Mbeya, kwa ajili ya watoto. Karatasi yake ilikuwa na ng'ombe mweupe mwenye madoa, majani ya kijani kibichi na maziwa yanayomiminika kutoka mahali pasipoonekana. Watoto hawakuwa na shaka yoyote: waliimaliza na kugombania karatasi. Mjomba alinawa mikono na kurudi kwenye habari za msiba, ila sentensi yake ilipanda nami gari kurudi Mbeya na haikushuka. Wiki kadhaa nilijikuta nikisoma maandishi madogo nyuma ya kila pakiti ya kahawia niliyoikuta dukani, hadi muuzaji mmoja akaniuliza kama ninatoka serikalini.

## Nyuma ya karatasi

Pakiti ile ilitaja, kwa mpangilio wa wingi, sukari, mafuta ya mimea, unga unaotokana na maji yanayobaki jibini inapotengenezwa, unga wa kakao, lesithini na vanila ya viwandani. Mbele, chini ya miguu ya ng'ombe, kwa herufi ambazo mzee asingeweza kuzisoma bila miwani, iliandikwa kwamba ina ladha ya chokoleti. Haikudai kuwa chokoleti. Ilidai kufanana nayo.

Ili kuelewa alichokigundua mjomba kwa ulimi, inatosha kujua kwamba takriban nusu ya uzito wa kiini cha punje ya kakao ni mafuta, yaani siagi ya kakao. Mwaka 1828 familia ya Van Houten ya Uholanzi ilipata hataza ya mashine ya kuyakamua mafuta hayo, na tangu hapo punje moja ikawa bidhaa mbili: siagi, ambayo ni ghali na inagombaniwa hata na watengenezaji wa losheni, na unga mkavu, ambao bei yake kwa kawaida huwa nafuu zaidi. Anayetaka kitu chenye sura ya chokoleti ya maziwa kwa gharama ndogo huchukua kiasi cha unga, huiacha siagi, na mahali pake huweka mafuta ya mbegu za michikichi yaliyogandishwa kiwandani. Rangi inabaki, harufu kidogo inabaki, utamu unabaki na hata kuzidi. Kinachoondoka ni ile siagi inayoyeyuka kwenye joto la kinywa na kuacha kinywa safi. Mafuta ya badala mara nyingi huacha utando kwenye kaakaa.

Kwa maana hiyo mjomba alisema kweli kabisa. Unga ulipita. Siagi haikukaa.

Swali la lini kitu kinastahili kuitwa chokoleti ya maziwa limewagombanisha watu wenye viwanda vikubwa na mawakili wengi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka angalau asilimia 25 ya yabisi ya kakao, yaani kila kilichomo isipokuwa maji, na asilimia 14 ya yabisi ya maziwa. Marekani inaridhika na asilimia 10 ya kakao iliyosagwa na asilimia 12 ya maziwa, kwa hiyo kipande kimoja kinaweza kuwa chokoleti New York na kupoteza jina hilo kikifika Paris. Ndani ya Ulaya kwenyewe, nchi kama Ufaransa na Ubelgiji zilibishana na Uingereza kwa takriban miaka 30 kuhusu mafuta mengine ya mimea, mpaka maelekezo ya Umoja huo ya mwaka 2000 yaliporuhusu asilimia 5, na hata hapo Italia na Hispania, zilizokataa vipande vyenye mafuta hayo kuitwa chokoleti tu, zilipelekwa mahakamani na kushindwa mwaka 2003. Halafu kakao ilipopanda bei kupita kiasi, biskuti mbili ambazo vizazi vya Waingereza vimekulia, Penguin na Club, zilibadilishwa mchanganyiko, na mwaka 2025 zikalazimika kuandikwa kuwa zina ladha ya chokoleti.

Nilipomsimulia mjomba habari hiyo kwa simu alicheka sana. Nadhani ilimfariji kidogo.

## Tunda moja, nusu glasi

Nilifanya hesabu ambayo sikuwahi kuiona ikifanywa na mtu wa kwetu. Tunda moja la kakao lililokomaa lina punje kati ya 30 na 40, na punje ikishavundikwa na kukaushwa huwa na uzito wa takriban gramu moja. Ukiondoa ganda na unyevu uliobaki, tunda moja linakupa kama gramu 25 za kakao, ambazo ndizo sheria ya Ulaya inazitaka katika kipande cha gramu 100. Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa asilimia 87 hivi, kwa hiyo ili kupata gramu 14 za yabisi unahitaji maziwa yasiyozidi nusu glasi. Kinachobaki, zaidi ya nusu ya kipande, kwa sehemu kubwa ni sukari.

Tunda moja, nusu glasi, na sukari.

Msomaji wa Mbeya ameshaelewa ninakoelekea. Ukitoka Uyole, ukapanda hadi Isongole penye ukungu, ukateremka Kiwira na Tukuyu kati ya chai, migomba na maparachichi, utapishana na pikipiki zilizobeba keni za maziwa kabla jua halijawa kali, kwa sababu Rungwe ni nchi ya ng'ombe wanaofugwa bandani na kukatiwa majani. Endelea kuteremka, hewa inakuwa nzito, sweta inavuliwa, na kabla hujafika Ziwa Nyasa mikakao imeanza kuonekana chini ya migomba, matunda yake yakiwa yamening'inia kwenye shina lenyewe. Kakao haivumilii baridi na ng'ombe wa maziwa hafurahii joto, ndiyo maana ni nadra kuvikuta vyote viwili karibu. Hapa vimetenganishwa na mteremko mmoja: Mbeya mjini iko kwenye mita 1,700 hivi, Kyela kwenye mita 500. Sukari inalimwa Kilombero, ng'ambo ya milima ya Udzungwa.

Ni rahisi kuandika makala kutokana na hesabu hii. Inajiandika yenyewe: tunayo kakao, tunayo maziwa, tunayo sukari, kwa nini tunanunua ng'ombe wa kuchorwa kutoka nje? Nilikuwa na kichwa chake tayari. Kuna kitu hata hivyo kilikataa kutulia, kwa sababu hoja ambayo kila mwanasiasa anaweza kuisoma jukwaani bila kukohoa huwa imeacha kitu nje.

## Tone la maji

Kitu hicho nilionyeshwa na dada mmoja anayeoka keki za harusi na kipaimara, ambaye jiko lake liko nyuma ya nyumba huko Soweto, Mbeya. Alikuwa akiyeyusha chokoleti katika bakuli lililokalia sufuria ya maji ya moto, akiigeuza polepole kwa mwiko wa plastiki, na kila mara alikuwa akifuta sehemu ya chini ya bakuli kwa kitambaa kikavu. Nilimuuliza kwa nini. Badala ya kujibu, alichota kijiko kimoja cha chokoleti iliyoyeyuka, akaiweka kwenye kisosi na kudondoshea tone la maji. Aliikoroga mara mbili tatu. Ule uji uliokuwa uking'aa ukafifia, ukakaza, ukawa tope la punjepunje linaloshika kijiko.

"Sasa kaka, maziwa ni nini?" akaniuliza.

Maziwa ni maji. Sukari na kakao ndani ya chokoleti ni vumbi laini lililoelea ndani ya mafuta, na maji kidogo tu yakiingia, vumbi hilo hushikana na kugoma kutiririka. Ukizidisha maji unapata kinywaji au mchuzi wa keki, vitu vizuri kabisa, ila hupati kipande kinachovunjika kwa sauti, na ukikiacha kabatini kinaota ukungu. Hivyo nusu glasi yangu ya maziwa ya Tukuyu haiwezi kuingia kwenye chokoleti ikiwa nusu glasi. Lazima kwanza ikauke.

Hili ndilo lililomsumbua Daniel Peter, mtu wa Vevey, mji ulio kando ya Ziwa Geneva huko Uswisi. Alikuwa mtengenezaji wa mishumaa, mafuta ya taa yakamuua kibiashara. Alikuwa amemwoa binti wa François-Louis Cailler, mmoja wa waanzilishi wa viwanda vya chokoleti nchini humo, naye akahamia upande wa ukweni. Ng'ombe walikuwa kila mahali, maziwa yalijaa, na majaribio yake ya mwanzo yalimharibikia kwa sababu ile ile ya tone la maji. Jirani yake alikuwa Henri Nestlé, aliyekuwa ameanza mwaka 1867 kuuza chakula cha watoto kilichochanganywa na maziwa, katika miaka ambayo Uswisi ilikuwa imeshajifunza kuyapunguza maziwa maji na kuyahifadhi. Mwaka unaotajwa zaidi kwa mafanikio ya Peter ni 1875, akitumia maziwa yaliyokwisha kupunguzwa maji, ingawa ilimchukua miaka mingine kuyafikisha mahali pa kuridhisha. Mwaka 1879 Rodolphe Lindt wa Bern alitengeneza mashine ya kuisugua chokoleti kwa saa nyingi mfululizo mpaka ukwaruzo unakwisha ulimini.

Nimeirudia habari hii mara nyingi kichwani kwa sababu inageuza swali langu. Vevey haikuwa na mkakao hata mmoja. Ilikuwa na maziwa mengi, na watu waliokuwa wakihangaika na maji yaliyomo ndani ya maziwa. Chokoleti ya maziwa haikuzaliwa kakao ilikolimwa, wala haikuzaliwa kwa sababu ng'ombe wapo tu; ilizaliwa mahali ambapo kukausha maziwa kulikuwa kumekwisha kuwa biashara.

Sisi maziwa tunayachemsha, tunayagandisha, tunayatia kwenye pakiti. Njombe wanatengeneza jibini, Asas ya Iringa inauza mtindi nchi nzima. Maziwa ya unga niliyoyakuta kwenye maduka ya Mbeya, hata hivyo, yote yalikuwa yamevuka bahari. Kilo moja ya unga inahitaji takriban lita 8 za maziwa, na mtambo wa kunyunyizia maziwa ndani ya hewa ya moto hadi yawe vumbi unataka maziwa mengi, ya kila siku, kiangazi na masika. Mfugaji wa Rungwe mwenye ng'ombe wawili anajua vizuri kwamba majani yakipungua maziwa yanapungua, na kwamba mtambo haujui kusubiri mvua.

## Joto la Kyela

Shaka ya pili ilinijia dukani, Kyela mjini, mwezi wa Novemba, chini ya bati.

Nilikuwa nimepata kutoka Dar es Salaam kipande cha chokoleti halisi ya maziwa, nikakipeleka kwa mjomba ili alinganishe. Kilifika kikiwa kimelainika, kimejikunja ndani ya karatasi yake, na tulipokiweka mahali pa baridi usiku kikaganda upya na kupata mabaka meupe. Siagi ya kakao inayeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa kwa sababu kinywa cha mtu kina nyuzi 37. Ila duka la bati chini kule karibu na ziwa, saa nane mchana, halina tofauti kubwa na kinywa. Mabaka yale si ukungu. Siagi hiyo ina namna sita za kupanga chembe zake inapoganda, na ni moja tu inayotoa mng'ao na mlio. Ikiyeyuka na kuganda ovyo, mafuta hupanda juu na kuweka weupe. Mjomba alisema ladha ipo. Watoto walisema imeoza.

Pakiti ya ng'ombe mwenye madoa, kwenye rafu ile ile, ilikuwa imenyooka.

Hapo hasira yangu dhidi ya vitu vinavyojifananisha ilipungua, kwa maana nilianza kuona kwamba mtu aliyebuni kipande kisichoyeyuka hakufanya hivyo kwa kupenda faida peke yake. Muuzaji wa Kyela asiye na friji, ambaye mteja wake ana shilingi mia chache mfukoni, hawezi kuuza kitu kingine. Kipande chenye mafuta ya michikichi kimekubali hali ya nchi, ilhali chokoleti ya Uswisi inaidai nchi ibadilike. Ninachokilaumu bado ni ng'ombe aliyechorwa, kwa sababu picha hiyo inamwambia mtoto jambo ambalo maandishi ya nyuma yanalikana; kwa mafuta yenyewe, lawama zangu zimepungua.

Na kuna kichekesho cha jiografia ambacho kimenikaa. Chokoleti halisi, kama ikitengenezwa kwetu, ingehifadhika vizuri pasipo umeme mwingi katika Uporoto, Makete na Njombe, ambako mwezi wa Julai watu wanaamka na kukuta barafu nyembamba juu ya majani. Mkakao hauwezi kuishi huko hata mwezi mmoja. Kinachoizaa kakao ndicho kinachoiua chokoleti.

## Kahawia inatoka wapi

Niliporudi tena kwa mjomba nilimwomba anionyeshe kazi yenyewe, kwa sababu nilikuwa nimekulia likizo zangu pale na sikuwahi kuangalia kwa makini. Alipasua tunda kwa kuligonga na rungu fupi, si kwa panga, kwani panga linajeruhi punje na punje iliyojeruhiwa inaingiza ukungu. Ndani, punje zilikuwa zimefunikwa utelezi mweupe wenye uchachu mtamu, ule ambao watoto huufyonza. Zikikatwa wakati huo zina rangi ya zambarau, ni chungu, na hazina hata chembe ya harufu tunayoiita ya chokoleti.

Harufu hiyo hujengwa. Punje hulundikwa kwenye sanduku la mbao na kufunikwa majani ya migomba, hamira za porini zinaula ule utelezi, kisha bakteria wa siki wanashika zamu na rundo linapata joto hadi karibu nyuzi 50. Mjomba aliniambia niingize mkono. Niliutoa haraka. Mvuke uliotoka ulichoma macho kwa siki, na chini ya siki kulikuwa na harufu nyingine, kama mkate wa jana. Rundo hugeuzwa ili hewa iingie, na baada ya siku tano hadi saba kiini kimekufa, uzambarau umeanza kuwa kahawia, na uchungu umepungua. Ndipo huanikwa kwenye vichanja hadi unyevu ubaki asilimia 7 hivi. Mkulima anayekimbilia fedha akaanika punje bila kuvundika huuza kitu chenye uzito sahihi na kisicho na ladha, na hakuna kiwanda duniani kitakachoirudisha baadaye.

Kwa hiyo ladha ya mwanzo hutengenezwa na mkulima. Hilo halisemwi vya kutosha. Kule Mbingu, bonde la Kilombero, kampuni ya Kokoa Kamili iliyoanzishwa mwaka 2013 ilianza kununua punje mbichi na kuzivundika yenyewe mahali pamoja, na jina lake limeandikwa mbele ya vipande vya chokoleti nyeusi vya watengenezaji wadogo wa Marekani na Ulaya.

Vipande hivyo ni vyeusi, yaani havina maziwa, na huko ndiko sifa inakokwenda. Ladha ya chokoleti ya maziwa ina mzazi wa pili, ambaye ni maziwa yaliyopata moto. Protini na sukari za maziwa zikipashwa pamoja huwa kahawia na kutoa harufu ya ukoko, ile ya chini ya sufuria. Waingereza walikuwa wakiyachemsha maziwa pamoja na sukari, wakatia kakao na kuukausha mchanganyiko wote hadi uwe makombo, njia iliyowasaidia kuhifadhi maziwa ya msimu wa majani mengi. Ndiyo maana chokoleti yao, kama Dairy Milk ya Cadbury ya mwaka 1905, ina ladha ya sukari iliyoungua kidogo. Uswisi walichagua unga mkavu, na chokoleti yao ikabaki na ladha ya maziwa zaidi. Ile ya Hershey ya Marekani ina uchachu ambao Wazungu wa Ulaya huulalamikia hadi leo. Kila mmoja alikulia na maziwa ya kwao, akaamini kwamba ndiyo ladha yenyewe.

## Kinu cha bibi

Mama yake mjomba, yaani bibi yetu, alikuwa amekaa akitusikiliza. Nilikuwa nimepitia Tukuyu kwa dada yangu na kubeba dumu la maziwa. Bibi akaagiza chungu.

Alikaanga punje kavu juu ya moto mdogo, akizigeuza kwa mkono uliozoea, mpaka maganda yalipoanza kulia. Alizipeta kwenye ungo, maganda yakaruka, viini vikabaki. Akavitia kwenye kinu kidogo kilichopashwa moto kwa makaa yaliyomwagwa nje, na mjukuu mmoja akatwanga. Mwanzo ulikuwa unga. Kisha, bila kuongezwa chochote, ule unga ulianza kung'aa, ukashikana, ukawa uji mzito mweusi unaoteleza kwenye mchi, kwa sababu siagi iliyomo ilikuwa imeyeyuka kwa joto la kinu na la kutwanga. Hakuna kilichokamuliwa wala kuondolewa.

Maziwa alikuwa ameyaweka mapema, na sukari ndani yake, nayo yalichemka polepole hadi yakabadilika rangi pembeni mwa sufuria. Bibi hajui habari za makombo ya Waingereza. Alisema tu kwamba maziwa yasipokaa motoni hayashiki. Akachota donge la kakao, akalivuruga ndani, akapitisha kwenye chujio la chai.

Mjomba alikunywa, akanitazama.

"Ndaga fijo, mama," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Kwangu hakusema neno.

Kinywaji kile kilikuwa na punjepunje kidogo, kilikuwa na uchachu wa mbali wa rundo lililovundikwa, na kilifanana na chokoleti halisi ya maziwa kuliko kitu chochote nilichokinunua Mwanjelwa katika wiki zote zile. Tone la maji, adui wa kipande, halina madhara ndani ya kikombe. Maziwa hayahitaji kukaushwa. Siagi ya kakao inaweza kuyeyuka itakavyo, hata mwezi wa Novemba. Huko Ulaya pia kakao ilinywewa na maziwa muda mrefu kabla ya Daniel Peter, na kipande kigumu cha kutafuna kilitengenezwa na Fry wa Bristol mwaka 1847 tu. Tunapodai kiwanda cha vipande tunadai kuanza na hatua ya mwisho, ile iliyo ngumu kuliko zote kwa nchi yenye joto na maziwa ya msimu.

Mimi sasa naamini kwamba kitu cha kwanza kutoka kwetu kinachostahili kuchorwa ng'ombe kwenye karatasi ni donge la kakao iliyotwangwa na siagi yake yote, la kuyeyushwa ndani ya maziwa ya Rungwe yakiwa mabichi kutoka kwa mfugaji.

## Bei ya kilo

Wazo hili linakutana na mnada. Mwaka 2024 magonjwa na hali mbaya ya hewa viliangusha mavuno ya Ghana na Côte d'Ivoire, nchi ambazo pamoja hutoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, na bei ya tani moja ikavuka dola 10,000 mwezi wa Machi, ikafika zaidi ya 12,000 mwezi wa Desemba. Kyela ilitikisika kwa furaha. Kakao ilipelekwa ghalani kwenye chama cha ushirika, ikapigiwa mnada, fedha zikaingia kwenye simu, na wapo waliong'oa migomba ili wapande mikakao zaidi, jambo ambalo mjomba alilitazama kwa mashaka kwani mkakao unahitaji kivuli. Katika hali ile, kumwambia mtu abakize kakao nyumbani aitwange ni kumtukana. Mwaka 2025 bei ilianza kushuka, na mazungumzo yakarudi kuwa ya kibinadamu.

Nimezungumza na mwenye mgahawa mmoja wa Mbeya mjini anayeuza vikombe vya chokoleti ya moto, hasa mwezi wa Juni na Julai watu wanapokuja wamejikunja kwa baridi. Anatumia unga wa kopo kutoka nje. Alionja donge nililomletea, akakubali kwamba ni bora, kisha akauliza maswali ya mtu wa biashara: je, litafanana mwezi ujao na mwezi unaofuata? Lina alama ya TBS, shirika la viwango? Litakaa muda gani bila kuharibika? Swali la mwisho linajibika vizuri, kwa kuwa donge halina maji ndani yake. La pili lina utaratibu wake, na ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ipo mjini. La kwanza ndilo gumu, kwa sababu linategemea kama masanduku yote yaligeuzwa siku inayotakiwa, na mkono wa kila mkulima ni tofauti.

Mjomba amekubali kutenga debe moja la msimu huu, kwa sharti kwamba maziwa na nauli ni juu yangu, na kwamba mwenye mgahawa alipe zaidi ya bei ya mnada, la sivyo debe linakwenda ghalani pamoja na mengine. Bibi hakupinga chochote. Ameuliza tu ni nani atakayemlipa anayetwanga, na mpaka sasa, katika hesabu zetu zote za gramu na asilimia, hatujaweka mahali pake.